Jina Moja, Kipimo Kimoja

3 Februari

Somo yangu mdogo,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote waliomo humu ndani, ukimwondoa paka, ambaye tumekosana naye tangu alipolala juu ya kitambaa cheupe cha mteja. Hatujambo. Baba yako anakohoa akitaka kusikilizwa, na akiona hakuna anayemsikiliza anaacha. Ameanza kupaka rangi mlango wa mbele. Mpaka leo nusu ni ya buluu na nusu ni ya kahawia, na ukimuuliza anasema rangi inataka kupumzika. Kaka yangu ni yule yule.

Nakuandikia kwa sababu ile simu ya dukani siiwezi. Nikisema "haloo" tu, wote waliokuja kununua sukari wananyamaza wanisikilize.

Nimeona anwani imebadilika tena. Wewe hukai, somo. Bibi aliyetuachia jina hili alikuwa hivyo hivyo, akikaa kitini kidogo anainuka kana kwamba kina moto. Mimi nimejitahidi, nimekaa kwenye cherehani moja maisha yangu yote, lakini hata hapo miguu haijatulia, inakanyaga tu.

Sasa la maana. Gauni lako la mwaka huu ndilo hili, kijani kilichoiva, kola ndogo, mikono mpaka kwenye viwiko. Nimelikata kama siku zote: nimejipima mwenyewe kwa utepe, nikakata, nikashona, nikalivaa mbele ya kioo, nikalivua, nikalikunja. Tangu ulipofika umri wa kuazima nguo zangu bila ruhusa, wewe na mimi ni jina moja na kipimo kimoja, na sijawahi kukosea. Nimeacha akiba ya kitambaa kwenye mishono ya ubavuni, kwa mazoea tu, maana sisi hatuongezeki wala hatupungui.

Likifika niandikie. Nataka kujua linakaaje mabegani.

Ni mimi, shangazi yako na somo yako.


27 Februari

Shangazi, somo yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, paka amesamehewa na mlango umepata rangi moja. Mume wangu anakusalimu. Yuko safarini na lori lake, amebeba vigae, na kila akisimama njiani ananitumia salamu kwa dereva anayekuja upande huu. Salamu zake hunifikia zikiwa zimechanganyika na za wake za watu wengine.

Gauni limefika. Shangazi, limenikaa kana kwamba nimemiminiwa! Mabegani limetulia, kiunoni limetulia. Nimelivaa kazini na wenzangu wakaniuliza fundi ni nani. Nikawaambia anaitwa kama mimi, wakadhani najisifu.

Kuhusu anwani, tumeacha kile chumba cha ghorofani. Nilizichoka ngazi. Hiki cha sasa ni cha chini, dirisha linaangalia ukuta wa karakana ya magari, na kuna mtu anagonga mabati tangu asubuhi. Kazini pia nimebadilishwa. Nimetolewa kwenye pasi ya mvuke, sasa nakunja mashuka ya wageni wa hoteli nikiwa nimekaa. Kukaa kunanichosha kuliko kusimama. Nakunja shuka, nainuka, nakwenda mlangoni, narudi. Msimamizi ameniuliza kama kiti kina pini.

Zaidi ya hayo sina jipya. Msalimie baba, mwambie rangi imepumzika vya kutosha.

Mimi, somo yako mdogo.


18 Machi

Somo yangu,

Hatujambo, wote tupo.

Limekukaa kana kwamba umemiminiwa? Una hakika? Kifuani halibani? Ukiinua mkono kufikia rafu ya juu, halikuvuti kwapani?

Unakula? Nijibu hilo kwanza. Usiniambie unakula kidogo kidogo, hilo ndilo jibu la watu wasiokula. Mumeo yupo njiani siku zote, na wewe ukiwa peke yako chakula chako ni chai.

Nifanyie jambo moja. Simama uegemee mlango, chukua utepe, zungusha kifuani, kiunoni na nyongani, kisha niandikie ulichokiona, si ulichokizoea. Usiniulize kwa nini. Fanya tu, na uniletee majibu upesi, maana sipati usingizi wala sikai.

Shangazi yako.


29 Aprili

Somo,

Nimekwenda posta. Wanasema barua yangu ilifika. Basi iliyobaki ni wewe.

Vipimo.


16 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Hoteli ilijaa wageni wa mkutano, mashuka yakawa milima. Mimi sijambo, nakula vizuri, nakula hata nisivyovipenda. Mume wangu alirudi, akalala, akaondoka tena. Anasema akikaa nyumbani anasikia injini kichwani.

Vipimo ni vile vile vya siku zote, shangazi. Unavijua kwa moyo, mbona unanihangaisha na utepe?

Lakini na mimi nikuulize. Barua zako siku zote zimejaa wateja: yule mwalimu anayetaka sketi ndefu halafu anarudi ipunguzwe, yule mama anayejisemea ana kiuno cha msichana. Sasa hutaji mteja hata mmoja. Na kuna jambo jingine. Baba alinipigia simu kazini. Nilikimbia kutoka chumba cha kufulia mpaka mapokezi nikidhani kumeungua. Akaniambia habari za mlango. Halafu akasema kila mtu hajambo. Baba yangu hajawahi kupiga simu kuniambia kila mtu hajambo.

Kuna nini huko?

Ukiandika, andika kweli.

Somo yako.


4 Juni

Wewe mtoto,

Leo salamu zitakuja mwisho, zikibaki.

Umenidanganya, na nitakuonyesha nilivyojua. Gauni lile nililikata kwa mwili wangu. Nilipokwisha kulituma, nikatoa sandukuni gauni langu la kijivu, lile tulilolishona pamoja ulipokuja mara ya mwisho. Nikalivaa. Likateremka mabegani likaja kusimama kwenye viwiko, utadhani nimeazima. Fundi anayejishonea mwenyewe haoni anavyopungua, kwa sababu kila nguo mpya inamtosha. Nilisimama pale mbele ya kioo nikamwona mwanamke mwembamba, nikataka kumuuliza amemfuata nani.

Nimekonda, somo. Nimekonda sana. Kwa hiyo gauni nililokutumia ni la mwanamke aliyekonda. Ukiniambia linakukaa vizuri, basi ama na wewe unaumwa kama mimi, ama wewe ni mwongo. Tangu Machi namwomba Mungu uwe mwongo.

Haya, nami niseme langu. Nina uvimbe tumboni. Daktari alinigusa mahali ulipo, akasema unatakiwa kutolewa kabla haujawa mkubwa, na akaniambia nichague siku. Nikamwambia nitafikiria. Mpaka leo nafikiria. Baba yako anajua. Nilimwapisha asikwambie, ndiyo maana alikupigia simu akakwama kwenye mlango.

Kama ningekwambia ungeacha kazi uje kunikalia kitandani, nami sitaki kukaliwa. Na kwa nini sikubali kupasuliwa? Naogopa. Hiyo ndiyo kweli uliyoitaka. Maisha yangu yote mkasi umekuwa mkononi mwangu. Sijawahi kulala mahali ambapo anayekata ni mtu mwingine.

Wateja nimewarudishia vitambaa vyao, nikawaambia cherehani ni mbovu. Nakaa pale bila kitambaa, nakanyaga, nainuka, nakwenda mpaka uani, narudi. Paka amechoka kunifuata.

Sasa nawe sema. Unaumwa nini?

Salamu hazikubaki.

Shangazi yako.


13 Juni

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mungu amekusikia. Mimi ni mwongo.

Gauni halikupita kifuani. Nikafumua akiba yote uliyoacha ubavuni, bado likakataa kufunga. Nikajua ni mimi niliyenenepa, kwa sababu nilikuwa na sababu ya kunenepa, na sikuwaza hata kidogo kwamba na wewe umepungua upande wa pili. Nina mimba, shangazi. Ni ya miezi saba sasa. Ndiyo iliyonitoa ghorofani na kwenye pasi ya mvuke, na ndiyo inayopiga teke karatasi hii ninavyoandika, maana nimeilaza juu yake, meza iko mbali.

Usikasirike, au kasirika kidogo. Mwaka juzi nilikuambia mapema. Ukashona vinguo vikajaa boksi la viatu, ukamwambia kila aliyeingia na kitambaa chake. Halafu nikatoka hospitali mikono mitupu. Lile boksi nimehama nalo kila chumba. Silifungui, silitupi. Safari hii nikasema sitamwambia mtu mpaka nimsikie analia, na hata wewe, hasa wewe, kwa sababu ndiwe uliyefurahi kupita wote.

Na kuna jingine. Nilipokuwa mdogo niliapa kwamba nikipata binti nitampa jina letu. Lakini umesahau walivyokuwa wakinitania nyumbani? "Huyu ndiye aliyemtoa bibi." Bibi kizee alikuwa nalo, wewe ukawa nalo, nikazaliwa mimi wa tatu, na wiki ile ile bibi akafa. Watu wakasema jina hili halikubali watu watatu, wa tatu akija wa kwanza anapisha. Nilicheka na wengine, lakini usiku nilikuwa najifunika shuka gubigubi. Sasa wa kwanza ni wewe. Na unaumwa. Nikijifungua binti, jina hilo simpi, hata uninunie. Nitampa jina lolote, la jirani, la msimamizi wangu wa kazi, lakini si hilo.

Daktari amenikataza kusafiri, la sivyo ningekuwa nimekwisha panda gari. Nazunguka chumbani, kutoka kitandani mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka kitandani, na yule wa mabati anagonga. Shangazi, nenda hospitali. Chagua siku. Wewe ndiwe uliyenilea, ukanifundisha kushika sindano nisijidunge. Usiniache kwa sababu ya woga tu. Nakuomba kwa jina letu hilo hilo.

Mimi, mwongo wako.


26 Juni

Somo yangu, mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikampa baba yako asome, akaenda nayo nyuma ya nyumba akakaa huko muda mrefu, akarudi na macho mekundu akisema ni rangi. Hakuwa hata ameshika brashi.

Nimefurahi, na sitamwambia mtu. Nimeuma midomo mbele ya yule mwalimu wa sketi mpaka akaniuliza kama nina jino bovu. Boksi liache lilivyo, siku yake ya kufunguliwa itajulikana.

Sasa nisikilize, maana hili hujawahi kuambiwa vizuri. Mimi nilikuwepo. Bibi kizee aliugua tangu mama yako hajakubeba. Hakuwa anakula, alikuwa anageuzwa kitandani. Mara nyingi tulimzunguka tukidhani ndio mwisho, naye anafumbua jicho moja anatuuliza tunatazama nini. Alikuwa anakungoja wewe. Siku uliyozaliwa nilikupeleka kwake nimekufunga kwenye upande wa shuka, nikakulaza kifuani pake. Akakunusa kichwani. Akasema, "Mbona ana kelele hivi? Ni wangu kweli." Akacheka, na tulikuwa tumesahau kicheko chake. Kwa siku chache zile tulikuwa watatu humu ndani, mimi nikiwa wa katikati, na mtu akiita jina letu anaitika bibi kwanza. Wewe hukumtoa mtu. Ulimchelewesha.

Waliosema vingine hawakuwemo chumbani.

Kwa hiyo nitakwenda. Nimechagua siku, ni katikati ya Agosti, karibu na siku zako. Lakini nina sharti. Ukijifungua binti, mpe jina. Usingoje kuona mimi nimetokaje. Mpe siku ile ile. Sitaki kulala kwenye meza ya yule daktari nikijua kuna mtoto amenyimwa jina langu kwa ajili yangu, kana kwamba nimekwisha kuzikwa. Nimewahi kuwa mmoja wa watatu, na zile zilikuwa siku nzuri. Nazitaka tena.

Akiwa mvulana, basi, mwite umpendavyo, nami nitavumilia.

Shangazi yako na somo yako, anayeogopa lakini anakwenda.


22 Agosti

Shangazi,

Shikamoo, popote ulipo, kitandani au umeketi.

Ni binti. Amekuja wiki iliyopita, mchana, mvua ikinyesha. Ana kelele. Mkunga alisema amewahi kusikia wanaolia, lakini huyu anagomba. Mume wangu alifika na vumbi lake la vigae, akaoga mara mbili kabla ya kumshika. Tuko wazima wote. Boksi la viatu nimelifungua. Vinguo vyote vinamtosha isipokuwa kimoja ambacho kichwa chake kimekataa.

Lakini sharti lako sijatimiza. Nisamehe. Muuguzi alikuja na kalamu akaniuliza mtoto anaitwa nani. Nikafungua mdomo, jina halikutoka. Nilikuwa sijasikia chochote kutoka kwako. Nikajiuliza, je, kama ni saa hii hii wamekulaza pale mezani, nami nikalitamka? Najua uliyoniambia kuhusu bibi. Nayaamini. Mchana nayaamini, ukweli. Lakini mdomo umekataa. Muuguzi akaandika "mtoto" akaenda zake.

Nimempigia baba dukani. Anasema "anaendelea." Anaendelea na nini? Baba hasemi, na nyuma yake nasikia watu wa sukari wamenyamaza. Majirani hapa wanamwita binti yangu Mgeni. Nambeba, namzungusha chumbani, nikimwimbia nyimbo zisizo na jina ndani yake. Nyumba imekuwa ndogo.

Unakumbuka baba alivyokuwa anaita uani? Tulikuwa tunaitika wote wawili, "Abee!" halafu wewe unaniambia, "Si wewe," hata kabla hujajua anataka nini. Nataka kusikia ukiniambia si mimi.

Andika neno moja tu. Ukishindwa, chora.

Mama wa Mgeni.


14 Septemba

Somo yangu,

Hatujambo. Na mimi nimo humo humo kwenye "hatujambo," usinitoe.

Mwandiko usikutishe, naandikia kitandani, na mto ni mlaini. Wamenikata. Wameutoa wote, daktari anasema, na mshono amenionyesha kwa kioo. Sikunyamaza. Nimemwambia amevuta uzi sana upande wa chini, kitambaa chochote kingekunjamana. Akasema si kitambaa. Nikamwambia ndiyo maana nakwambia kwa upole. Natakiwa kurudi kwake mara kwa mara, na sijui mbele kuna nini, naye hajui, ingawa yeye amesomea kutojua huko. Leo nimekula kipande cha mkate na supu, nikaomba tena.

Barua yako ilinifikia hospitali. Baba yako alinisomea kwa sauti wodini. Alipofika pale pa uani, akashindwa, akampa mgonjwa wa kitanda cha pili amalizie. Kwa hiyo sasa wodi nzima inakudai wewe jina la mtoto.

Nilikukasirikia. Halafu nikasema, yule ni mimi. Mimi nilingoja kioo kiniambie, yeye anangoja barua. Haya, barua ndiyo hii.

Ndani ya kifurushi kuna kigauni. Kimetoka kwenye kile kitambaa kijani, kilichobaki. Nilikikata mimi, lakini miguu haijapata nguvu ya kukanyaga, kwa hiyo aliyekanyaga cherehani ni baba yako, nami nikaongoza kitambaa. Tumegombana tangu kola mpaka upindo. Anakanyaga anavyopaka rangi. Kuhusu mlango, ameumaliza, wote ni wa buluu, na kitasa pia, na sehemu ya paka.

Sikuwa na mwili wa kupimia. Wa kwangu hauna maana kwa hilo, na wako sijui ukoje sasa. Kwa mara ya kwanza sina kipimo, nimekata kwa kukisia. Nimeacha akiba pana ubavuni, mabegani na chini, kuliko nilivyowahi kuacha. Uifumue kidogo kidogo kadiri anavyoongezeka. Lile lako lilete mtakapokuja, tutaliongezea vipande, nami nitakaa kitini nikusimamie ukishona.

Sasa mbebe. Toka naye nje ya hicho chumba, simama mahali pana, mwambie wa mabati anyamaze kidogo, kisha mwite jina lake kwa sauti kubwa. Wewe utageuka, utadhani umeitwa wewe. Yeye atagomba. Na mimi huku nitaitika, hata kama si mimi.